Miti Miwili ya Machela

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima hii kabla babu zetu hawajapata jina la kuiita, akaipa ukungu wa kuifunika na maji ya kuteremka mabondeni. Ninamshukuru kwa pumzi ya leo asubuhi, kwa macho ambayo bado yanasoma mwandiko wangu mwenyewe, na kwa magoti, ambayo yananiuma lakini yanakubali kusujudu. Ninamshukuru pia kwa jambo nitakalolisimulia, ingawa ilinichukua muda mrefu kujua kama ni la kushukuriwa au la kuombewa subira.

Ninaishi upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, katika kijiji ambacho gari halikifikii. Kutoka barabara ya magari hadi msikitini kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa kijana na saa tatu kwa mtu kama mimi, njia ikipanda katikati ya migomba, mikarafuu na mashamba ya mdalasini. Jua likiwaka, bodaboda hufika. Mvua ikinyesha, njia ni utelezi mtupu, na hata mbuzi huangalia anapokanyaga. Nimefundisha madrasa hapa karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Nusu ya jirani zetu ni Wakatoliki, nusu ni Waislamu, na koo ni zile zile. Utamkuta mjomba anakwenda kanisani, mpwa wake anakwenda msikitini, na wote wawili wanalima shamba moja la bibi yao.

Zamani kijiji chetu kilikuwa na chama cha machela. Machela yenyewe ilikuwa miti miwili iliyonyooka, iliyokaushwa juu ya moshi wa jiko mpaka ikawa myepesi na migumu kama pembe, na katikati yake turubai lililoshonwa kwa kamba ya katani. Wanaume wanne walibeba na wanne walifuata nyuma kuwapokea. Kila nyumba ilitoa mtu. Kando ya kanisa ilining'inizwa ringi ya lori, na hiyo ndiyo iliyoita. Ikigongwa mara tatu tatu, ni mgonjwa wa kushushwa. Ikigongwa mfululizo, ni msiba. Na palikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika, lakini kila mtoto aliijua: machela hushuka na mgonjwa, hupanda na maiti. Aliyepona hospitali mjini alirudi kwa miguu yake, hata kama ni kwa siku mbili, akipumzika katika nyumba za ndugu. Mtu hai hakupandishwa kwa machela. Ilikuwa kama kumfundisha mauti njia ya nyumbani.

Chama hicho kilikufa kwa namna ambayo sidhani ingewezekana mahali pengine. Huku kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na tangu zamani mali ya mwanamume ilirithiwa na wapwa zake, watoto wa dada yake. Lakini siku hizi watoto nao wanadai cha baba yao. Mtunza machela wa zamani alipofariki, wazee walikaa baada ya arobaini kugawa vitu vyake. Wapwa wakasema machela ni ya ukoo. Watoto wakasema baba yao ndiye aliyekata miti ile kwa shoka lake. Walibishana siku mbili. Mwisho wakagawana kwa haki: mti mmoja kwa wapwa, mti mmoja kwa watoto. Turubai likabaki kwa mjane, akalianikia karafuu. Kila mtu akaondoka ameridhika. Mimi nilikuwapo, nilikuwa na umri wa kusema neno, na sikulisema.

Mtu asiyetujua atauliza kwa nini hatukukata miti mingine, na msitu upo. Mtu mmoja alijaribu. Alikata miti mizuri, akashona gunia, akagonga ringi. Hakuja hata mmoja. Ilisemwa kwamba anajitengenezea uchifu, kwamba ukoo wake unataka kuwabeba wengine ili baadaye uwasimange. Maadamu miti iliyowabeba wazazi wetu ilikuwa ingali hai, mipya ilikuwa tusi. Basi tukakaa hivyo miaka mingi, machela nusu huku na nusu kule. Bodaboda zilipofika, tukajiambia kwamba hatuihitaji tena.

Asubuhi moja ya masika mke wangu alikuwa barazani akimenya mdalasini. Kisu kikamtoka mkononi. Nikamwambia, "Angalia mguu wako." Akanijibu kwa maneno ambayo hayakuwa maneno, na upande mmoja wa uso wake ukashuka. Nilikimbia kugonga ringi tatu tatu kwa jiwe. Walikuja watu saba. Mwenye bodaboda naye alikuja, akasimama akiitazama njia, akatikisa kichwa bila kuzima pikipiki.

Kati ya wale saba alikuwapo mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu wana utani tangu mababu. Anaweza kunitukana mbele ya watu, anaweza kuingia kwangu akachukua kitu, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Siku nikifa, yeye ndiye atakayeamuru mazishi yangu na kuwachekesha waliaji. Ni Mkatoliki wa siku zote, mkulima wa migomba, na ndiye mwenye kutunza ile ringi. Siku ile hakutania. Aliutazama mlango wa nyumba yangu, akaunyanyua kwenye bawaba zake, akaulaza chini. Tukamweka mke wangu juu ya mlango, tukamfunga kwa kamba za kuni.

Mlango hauna pa kuweka bega. Unaubeba kwa vidole. Kila penye mteremko mkali aliteleza upande wa miguu, na kila tulipoutua kubadilisha mikono niliona jicho lake moja likinitazama, halilii, linaniuliza tu. Mara moja tulianguka sote kwenye tope. Tulifika barabarani alasiri. Hospitalini mganga alisema kwa upole, "Mngemleta mapema zaidi, mzee." Alipona, namshukuru Mungu, lakini mkono na mguu wa kushoto havikurudi kama zamani. Binti yetu, anayeishi Kihonda, huko mjini, akamchukua kwake ili awe karibu na kliniki na mazoezi.

Tulikubaliana kwamba nami nitahamia huko. Nilipanda mlimani kufunga nyumba tu. Nikaikuta haina mlango. Mlango ulikuwa umerudishwa na majirani, umeegemezwa ukutani, una alama za kamba na tope lililokauka. Nilikaa mbele ya uwazi ule nikajiambia siwezi kuondoka na kuwaacha watu bila machela, yawapate wao yaliyompata mke wangu. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Nilimweleza mtani wangu. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo unataka miti ile miwili ikutane."

"Ndiyo. Nimefikiri niwaite wazee wa pande zote mbili tukae."

"Walikaa siku mbili wakaikata familia katikati. Ukiwakalisha tena watagawana na turubai. Niachie mimi."

Wapwa na watoto wa marehemu, wote ni watani zake. Kesho yake mchana kweupe aliingia uani kwa mtoto mkubwa wa marehemu, ambako mti mmoja ulikuwa komeo la zizi, na kuanza kuuchomoa.

"Mtani, unafanya nini?" aliuliza mwenye nyumba.

"Naiba."

"Mbuzi watatoka."

"Mbuzi wako wana akili kuliko wewe, watarudi wenyewe. Baba yako alibebwa kwa mti huu, wewe umemfungia beberu."

Yule bwana alibaki anacheka kicheko cha kulazimishwa huku mbuzi wakimpita miguuni. Kwa wapwa ilikuwa vigumu zaidi, maana mti wa pili ulikuwa nguzo ya jiko. Mtani wangu aliingia, akakaa karibu na moto, akasubiri ugali uive, akala, akanawa. Kisha akasema, "Sasa nimeshiba, ninaweza kubeba paa." Ilibidi vijana wa nyumba ile wakimbie kukata nguzo nyingine kabla hajalitikisa jiko zima. Hakuna aliyegomba. Ukigombana na mtani, siku ya msiba wako atakulipa.

Tulifanya mkutano katika darasa la shule, watu wakabanwa kwenye madawati ya watoto. Miti ilikuwa imelazwa mbele ya ubao, na turubai lililotoka kwa mjane limekunjwa juu yake. Mtani wangu aliinyanyua akaniwekea begani bila kuuliza mtu. "Huyu ndiye mtunza," akasema. "Mbishi, lakini hajui kuiba." Watu wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa furaha ile nikataka chama kisife tena, nikasimama nikapendekeza masharti mawili. La kwanza, miti isirithiwe na mtoto wala mpwa, wala isikabidhiwe kwa kikao. Mtunza ataiachia siku mtani wake atakapokuja kumpokonya, kwa sababu mkono wa mtani haupingwi na ukoo wowote. La pili, mtunza asilale nje ya kijiji hata usiku mmoja maadamu miti iko kwake. Nilikumbuka jinsi yule mzee wa zamani alivyoshuka mjini kwenye harusi akafunga nyumba, na mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa akafia nje ya mlango wake.

Sikuishia hapo. Nilitia udhu kwa maji ya ndoo ya shule na nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuyashika masharti yote mawili. Baada yangu, nyumba moja baada ya nyingine, Waislamu kwa kiapo chao na Wakatoliki kwa ishara ya msalaba, waliapa kutoa mtu kila ringi itakapogongwa.

Tulipokuwa tunatoka, mtani wangu alinivuta pembeni. "Shemeji yuko Kihonda," akasema.

"Najua alipo mke wangu."

"Unajua. Halafu umejipigia komeo kwa nje."

Nilimwambia kwamba yeye ndiye mtani wangu, kwa hiyo atanipokonya miti mwezi ujao, na mimi nitashuka. Alinitazama, akanyamaza. Ningepaswa kutambua siku ile kwamba mtani anayenyamaza ana neno.

Chama kilifufuka vizuri kuliko tulivyoomba. Tulishusha mtoto aliyeumwa na nyoka, na sasa anakuja madrasa, mvivu kama wenzake. Tulimshusha mama mwenye mapacha. Tulipandisha wazee wetu waliofia mjini na tukawazika kwao. Kila machela iliporudi niliikagua kamba, nikafua turubai, nikaitundika miti kwenye dari ya ukumbi kwa namna ambayo mtu akiingia gizani ataishika bila kupapasa. Ninashukuru kwa kila mmoja wao. Lakini kila ringi ilipogongwa, nilijua kwamba kijiji kimeniegemea zaidi kidogo, na jambo linaloegemewa haliondoki.

Nilikuwa nashuka kumwona mke wangu na kurudi siku hiyo hiyo. Mtani wangu alikaa barazani kwangu kulinda miti mchana. Nilitoka baada ya swala ya alfajiri, nikashuka hadi barabarani, nikapanda gari hadi mjini, nikabadilisha gari kituo cha Msamvu, nikafika Kihonda jua likiwa karibu utosini. Nilikuwa na muda wa kunywa chai kikombe kimoja na kuswali adhuhuri. Binti yangu alimlaza mama yake kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama ukuta wa matofali wa jirani. Mashine ya kusaga ya mtaa ule ilinguruma mchana kutwa, ikabidi tuzungumze kwa sauti kama watu wanaogombana.

"Umekuja kunisalimia au kunipima joto?" mke wangu aliniuliza mara moja, nilipokuwa nimeshasimama kuondoka.

"Njia ni ndefu."

"Njia naijua, nimeipita juu ya mlango."

Binti yangu alisema, "Baba, kitanda kipo. Lala leo tu."

"Niliapa, mwanangu."

"Huko mlimani unalinda miti. Mama huku analindwa na nani?"

Nilimwombea dua mke wangu nikimshika mkono ule usio na nguvu, na nilipotaka kuuachia nilihisi vidole viwili vikijaribu kunizuia. Ndani ya gari, njia nzima, nilivihisi vidole vile.

Baadaye magoti yalikataa. Yalivimba, na nilikuwa nikiweza kufika msikitini tu na kurudi. Ikabaki simu. Mtandao kwetu unapatikana juu ya jiwe moja nyuma ya makaburi, basi kila Ijumaa baada ya swala nilijikongoja hadi pale.

"Leo nimeshika kikombe," aliniambia.

"Alhamdulillahi. Kwa mkono upi?"

"Ule. Nikakimwaga. Lakini nimekishika." Kisha, kila Ijumaa bila kukosa, "Unakuja lini?"

Nilimwambia inshallah. Ni neno tukufu, nami nililitumia kama mtu anayevuta pazia.

Nilimwendea mtani wangu, nikamwomba kwa dhati anipokonye miti. Alikuwa shambani anakata mkungu wa ndizi. Hakuacha kukata.

"Nikipokonya leo, nani atagonga ringi?"

"Wewe. Kama siku zote."

"Haya. Miti kwa Mkatoliki, ringi kwa Mkatoliki, na ringi yenyewe iko kanisani. Wiki ya pili watu wako watasema chama ni cha padri. Wewe ukishika vyote, wangu watasema ni cha shehe. Nilipokuwekea miti begani ulidhani nimekupenda? Sura yenyewe hiyo?"

"Basi mtani mwingine."

"Taja mmoja."

Nilifikiri. Watani wengine wa ukoo wangu waliobaki walikuwa Dar es Salaam au wamelala nyuma ya lile jiwe la mtandao. Nilikaa chini kwenye majani ya migomba. Akaja akakaa kando yangu, akanimenyea ndizi mbivu kama mtoto, na hakunitania tena siku ile.

Kuna mlango mmoja uliokuwa wazi, na nilijua upo tangu mwanzo, maana ndiyo elimu niliyosomeshwa. Kiapo kina kafara. Aliyeona jambo lililo bora kuliko alichoapia hulifanya, akalisha masikini kumi, na asiye na uwezo hufunga siku tatu. Nilijua kwamba kukaa na mke mgonjwa ni bora. Sikuwa na shaka hata kidogo. Niliitisha kikao katika darasa lile lile, nikawaeleza. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mama mmoja mzee, ambaye tulimpandisha mumewe kwa machela, aliomba kusema.

"Shikamoo, Maalim," alisema, ingawa tunalingana umri. "Sisi dini yako hatuifahamu kama wewe. Lakini sote tuliapa juu ya kiapo chako. Cha kwako kikifunguka kwa siku tatu za kufunga, vya kwetu vitafunguka kwa nini? Kwa mvua? Kwa uvivu?"

Hakusema kwa ubaya. Nilitazama nyuso zile juu ya madawati madogo, na nikaona kwamba walikuwa wanaogopa. Walikuwa wanaogopa kurudi kwenye mlango. Nilifunga mkutano kwa dua. Siku ile niliacha kuuliza nitatokaje.

Sitaki kusema kwamba nilisubiri kwa utulivu. Nilisubiri kama maji yanavyosubiri kwenye mtungi. Baada ya swala nilikaa ukumbini chini ya ile miti, nikivuta tasbihi, na mara nyingine niligundua kwamba hesabu imenipotea na ninachotazama ni mafundo ya kamba. Niliwachukia wakati mwingine, wagonjwa ambao hawajaugua bado. Nilitubu. Kisha Ijumaa ilifika, nikapanda jiweni, naye akauliza, "Unakuja lini?"

Ijumaa moja hakuuliza. Alizungumza habari za kikombe, akanisalimia vizuri, akakata simu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kuliko siku zote.

Siku chache baadaye, kabla ya adhuhuri, ringi ikagongwa. Haikuwa tatu tatu, wala haikuwa mfululizo. Ilikuwa mbili, kimya, mbili, kimya, mlio ambao hatukuwahi kuusikia. Wanaume walikuja kwangu wakitazamana. Mtani wangu alifika wa mwisho, anahema.

"Nipe miti."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Machela inashuka tupu, kuna mtu wa kupandishwa. Nilikuwa jiweni, nimepigiwa simu kutoka barabarani."

Waliokuwapo walivua kofia. Machela inayoshuka tupu inakwenda kumfuata maiti. Nikauliza ni nani. Mtani wangu akasema, "Utamwona," akaondoka na miti bila kunitazama usoni.

Nilijua. Nani mwingine wa kijiji hiki alikuwa chini huko, na kwa nini hanitazami? Nilirudi ndani, nikatia udhu, nikatandika mkeka, na nikaanza kusoma kile kisomwacho kwa wafu. Sikulia. Nilifagia chumba. Nilitoa sanda niliyojiwekea mwenyewe sandukuni, nikaikunjua, nikaona inamtosha. Nilimwambia Mola wangu kwamba nimeridhika na alichokadiria, nikasikia sauti yangu inasema uongo, nikarudia tena mpaka ikaacha kutetemeka. Ndivyo alasiri ilivyonikuta. Nilikuwa nimekaa kizingitini, nimeegemea ule mlango wenye alama za kamba, sanda mapajani.

Kwanza nilisikia wanawake wa nyumba za chini wakipiga yowe la msiba, kama ilivyo desturi machela ikionekana inapanda. Kisha yowe likakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kisha nikasikia kicheko, cha mmoja, halafu cha wengi.

Wakatokea kwenye kona ya migomba. Mtani wangu alikuwa mbele kulia, jasho linamtiririka. Juu ya machela, amekaa nusu ameegemea mto, alikuwa mke wangu, ameshika mwavuli mweusi kwa mkono wake wa kulia. Alikuwa anawaambia wanawake waliokuwa wakimfuata kando ya njia, "Sijafa, rudini kwenye kazi zenu. Nani amewaachia sufuria motoni?"

Waliitua mbele yangu. Mtani wangu alinyoosha mgongo.

"Mzigo wako huu, Maalim. Umekataa kuufuata, umekufuata. Na ni mzito, kule Kihonda wanakula chipsi."

Mke wangu aliitazama sanda iliyokuwa mapajani mwangu.

"Ulikuwa umeshanikatia na nguo," akasema.

Hapo ndipo nililia, na sikuona aibu.

Jioni, watu walipokwisha kuondoka, nilimuuliza amewezaje kukubali kupandishwa kwa machela, yeye aliyekulia hapa na kuijua desturi. Akasema aliwaza jambo hilo wiki nyingi, akitazama ukuta wa jirani. "Wewe uliapa kutolala nje ya kijiji," alisema. "Mimi sikuapa kitu. Mbona tulikuwa tumefungwa wote wawili, kila mtu chumba chake?" Yeye mwenyewe alimpigia simu mtani wangu, akamwamuru asiniambie. Binti yetu alilia na kugomba, akambeba mama yake hadi barabarani kwa gari la kukodi, na mpaka leo akinipigia simu husalimia kwanza, kisha hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Ana haki. Kliniki iko mbali. Mkono wa mama yake haujaongezeka nguvu tangu apande huku. Kila inapofika siku ya daktari anashushwa kwa machela alfajiri na kupandishwa jioni, na kijiji kimezoea. Juzi mzee mmoja aliyetoka kufanyiwa upasuaji naye aliomba apandishwe, na hakuna aliyepiga yowe.

Siwezi kusema nimetoka. Bado mimi ni mtunza, bado mtani wangu hajanipokonya kitu isipokuwa kuku, na sijalala nje ya kijiji hiki tangu niape. Mke wangu anaposhuka kliniki mimi hubaki kizingitini nikingoja, na saa zile ni ndefu. Kila mara naogopa ile kona ya migomba. Lakini usiku miti inakuwa darini, na chini yake tunalala wawili. Akigeuka upande, mkono wake ule mzito hunidondokea kifuani, na mimi siuondoi.

Ewe unayesoma maneno haya, Mwenyezi Mungu akupe mabega ya kukubeba siku utakayoshindwa kutembea, na akupe bega la kubebea wengine kabla ya siku hiyo. Kama umefungwa mahali kwa ahadi yako mwenyewe, akujalie mtu wa kuipanda njia na kuja kukaa nawe humo humo. Amin.